Biosphere 2, Arizona: kama unataka kujua maisha ya Mars yatakuwaje nenda hapa kwanza

Wakuu, naona wengi wenu mliopo Phoenix na Tucson mgeni akija mnampeleka Grand Canyon, anapiga picha, mnarudi, imeisha hiyo. Sasa leo nataka niwape ripoti kamili ya sehemu nyingine ipo Oracle, kama kilomita 50 hivi kaskazini ya Tucson, inaitwa Biosphere 2, na naisema mapema kabisa kwamba mi naipa nyota zote tano na kama una mtoto anayeuliza uliza habari za anga na Mars basi hela ya tiketi hapa ni hela imefanya kazi. Makumbusho ya roketi nimetembelea, ni mazuri, ila roketi inakuonyesha watu watafikaje. Hapa unaonyeshwa wakishafika watavuta hewa gani, watakula nini, na watavumiliana vipi wakiwa wamefungiwa pamoja miaka miwili, na kwa maoni yangu hilo ndo swali gumu kuliko yote.

Kwa wasiojua, hili ni jumba kubwa la vioo na vyuma, eneo lake hekta 1.27, lilijengwa kati ya 1987 na 1991. Wazo lilikuwa la kundi la John Allen na pesa ilitoka kwa tajiri wa Texas anaitwa Ed Bass, wanataja kama dola milioni 150. Jina limekuja hivyo kwa sababu Biosphere ya kwanza ni dunia yenyewe hii tunayokaa. Humo ndani wakatengeneza msitu wa mvua, bahari yenye matumbawe, mikoko, mbuga ya nyasi, jangwa, shamba na nyumba ya kuishi, alafu tarehe 26 Septemba 1991 wakaingia watu wanane, wanawake wanne wanaume wanne, mlango ukafungwa, na hesabu ilikuwa watoke tarehe hiyo hiyo 1993. Chakula walime wenyewe, maji yazunguke humo humo, hewa isafishwe na mimea. Lengo mojawapo lilikuwa kujaribu kama binadamu anaweza kubeba kipande cha dunia akaishi nacho mwezini au Mars.

Siku hizi jumba ni la Chuo Kikuu cha Arizona, walianza kulisimamia 2007 na 2011 wakapewa kabisa, kwahiyo unachotembelea ni sehemu ya kazi, watafiti wapo wanaendelea na mambo yao, sio jengo lililokufa. Unatembea mwenyewe kwa kufuata njia, maelezo unayapata kwenye programu ya simu, unashusha kabla hujaanza na ubebe earphone zako. Ukitaka kwenda pole pole unaenda pole pole, hakuna anayekusukuma, na hilo mi nililipenda sana maana kuna sehemu nilisimama muda mrefu wakati wenzangu wameshasogea.

Sehemu ya kwanza ya kusimama ni pale juu kwenye mbuga, unaangalia chini unaona bahari. Bahari ndani ya nyumba, katikati ya jangwa la Arizona! Ina lita zaidi ya milioni mbili na nusu na kuna mashine inatengeneza mawimbi, unasikia yanapiga. Mikoko waliitoa Florida, nyasi za mbuga zilitoka Afrika, Australia na Amerika ya Kusini. Alafu kitu ambacho watu wa pwani mtakipenda, kati ya wanyama waliowaingiza 1991 walikuwemo komba, hawa hawa komba wetu wanaolia usiku kwenye minazi, waliishi humo pamoja na wale watu wanane. Nyuki kwa bahati mbaya hawakudumu, na ndege wadogo wa kuchavusha maua nao wakaisha, waliostawi wakawa mende na sisimizi wale wanaokimbia kimbia ovyo, wakatawala jumba zima. Hapo tu kuna somo kubwa kwa anayepanga kupeleka shamba Mars, unachagua viumbe kwa orodha nzuri ya kisayansi alafu anayeshinda ni yule ambaye hata hukumualika.

Sasa tuje kwenye msosi, na hapa nitakaa kidogo.

Nilienda na baba mkwe, alikuja kututembelea kutoka Kasulu, yeye ni mkulima maisha yake yote. Tulipofika upande ambao zamani lilikuwa shamba (sasa hivi pana vilima vitatu vikubwa vya udongo wa volkano, kila kimoja ni mteremko wa mita 30 kutoka juu mpaka chini, wanapima maji yanavyopita kwenye ardhi) nikamsomea kwamba wale watu wanane walikuwa wanalima mita za mraba kama 2,500 tu, yani nusu eka na ushee, na humo humo mbuzi, kuku, nguruwe na sato ndani ya majaruba ya mpunga. Akanyamaza akapiga hesabu yake. Akasema, "Mwanangu, hao walikaa na njaa." Nikamwambia ndio baba, walikaa na njaa kweli kweli. Yani mzee bila kusoma bango lolote alishaona tatizo ambalo wataalamu walikuja kuliandika baadae.

Maana ilikuwa hivi, mwaka wa kwanza walizalisha kama asilimia 83 ya chakula chao, na hiyo ni kazi kubwa tusiwavunjie heshima, hakuna chombo chochote cha anga kilichowahi hata kusogelea hapo. Lakini kalori zilikuwa kama 1,800 kwa siku miezi ya mwanzo na hawa ni watu wanalima kwa mikono, wanapura, wanakamua mbuzi, wanabeba majani. Viazi mviringo vililiwa na utitiri, wakabaki na viazi vitamu na bitiruti, ndizi, mapapai, maharage, karanga. Viazi vitamu kila siku mpaka ngozi zikaanza kuwa na rangi ya chungwa. Ndizi mbivu zikawa zinafungiwa na funguo kwa sababu zilikuwa zinapungua bila maelezo. Kahawa kikombe kimoja kwa wiki mbili hivi, kadri mibuni ilivyozaa. Jane Poynter, mmoja wa wale wanane, amewahi kusema piza moja ilimchukua miezi minne kuitengeneza, kwa sababu inabidi upande ngano kwanza, uvune, usage, na maziwa ya jibini yatoke kwa mbuzi. Ukisikia mtu anasema tutapeleka watu Mars wakalime kule, mwambie aje asimame hapa afikirie hiyo piza.

Na kuna kitu kingine, majira ya baridi ya 1991 kuingia 1992 yalikuwa na El Niño, mawingu mengi, mwanga ukapungua na mazao yakapungua. Yani mawingu ya nje yaliweza kuwapunguzia chakula watu waliofungiwa ndani, na Mars kwenyewe mwanga wa jua unaofika ni chini ya nusu ya tunaopata sisi.

Daktari wao Roy Walford kabla ya hapo alikuwa mtafiti wa mambo ya kula kidogo ili kuishi muda mrefu, kwahiyo akawapima kila mara. Uzito ulishuka sana, ila presha na kolesterol navyo vilishuka, wakawa na afya nzuri kwenye makaratasi huku wanaota chakula usiku. Mi naamini hicho ni kipimo muhimu, mtu anaweza kuwa mzima hospitalini na bado njaa inamtafuna akili.

Baada ya hapo unashuka chini. Msikose chini jamani, kuna watu wanachoka na ngazi wanataka kugeuka, msigeuke. Huku chini ya misitu na bahari kuna mabomba, pampu, feni, matenki, njia ndefu, ndo unaelewa kwamba ule "uasili" wa juu ulikuwa unaendeshwa na mashine nyingi mno usiku na mchana. Chini kabisa kuna karatasi ya chuma kisichoshika kutu imeungwa kila mahali ili hewa isipite ardhini. Jumba lote lilikuwa linavuja chini ya asilimia 10 ya hewa yake kwa mwaka mzima, na kwa jengo la ukubwa ule hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Alafu unapita kwenye handaki unatokea kwenye "pafu". Hii kwangu ndo sehemu bora ya safari yote. Fikiria umejenga nyumba ya vioo isiyopitisha hewa alafu unaiweka kwenye jua la Arizona, hewa ya ndani inatanuka, na ukifunika sufuria juu ya moto unajua mfuniko unafanyaje, sasa hapa mfuniko ni vioo maelfu kwa maelfu, vingepasuka. Ndo wakajenga vyumba viwili vikubwa vya duara, juu yake kuna mpira mweusi mkubwa umeshikilia sahani nzito ya chuma katikati, mchana hewa ikitanuka mpira unapanda, usiku ikipoa unashuka. Hakuna umeme unaohitajika, ni uzito na hewa tu. Unasimama chini ya hiyo sahani, unaangalia juu, na wakati wa kutoka ukifungua mlango upepo unakusukuma mgongoni kwa nguvu. Mwanangu wa kiume aliniuliza maswali mengi hapo kuliko darasani mwaka mzima.

Sasa hapa inabidi niwaeleze habari ya oksijeni kwa sababu ndo sababu hasa ya mimi kuandika.

Mlango ulipofungwa hewa ilikuwa na oksijeni asilimia 20.9 kama hii tunayovuta. Mwezi baada ya mwezi ikawa inashuka. Hakuna tundu, hakuna moto, mimea ipo, na bado inashuka. Kufika Januari 1993, miezi 16 ndani, ilikuwa karibu asilimia 14.5. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hiyo ni sawa na kukaa juu zaidi ya mita 4,000, yani kati ya kambi za Horombo na Kibo, alafu sio siku mbili ukashuka, unakaa miezi, unalima, na tumboni hakuna kitu. Walikuwa wanapanda ngazi wanasimama kupumua, wanashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, usiku usingizi unakatika. Walford alipoona hata kujumlisha namba kunamshinda ikaamuliwa oksijeni iingizwe kutoka nje. Ilipoingia walijikuta wanakimbia, watu wazima wanakimbia kwa furaha kwa sababu miguu imekubali.

Oksijeni ilienda wapi? Walioifumbua ni Jeff Severinghaus na Wallace Broecker wa Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na wenzao. Udongo wa shamba ulikuwa na mboji nyingi mno, waliuwekea rutuba ili mazao yakubali haraka, sasa vijidudu vya udongo vinakula ile mboji, vinavuta oksijeni vinatoa hewa ukaa. Kawaida hewa ukaa ikiongezeka mimea inaichukua inarudisha oksijeni, kwahiyo hesabu ingejirudi. Lakini zege la kuta lilikuwa bichi, na zege inanyonya hewa ukaa inaigeuza chokaa ndani yake. Kwahiyo oksijeni ikiingia kwenye udongo, inatoka kama hewa ukaa, inaenda kujificha ukutani, hairudi tena. Watu wanane walikuwa wanakosa pumzi kwa sababu ya mbolea na ukuta!

Kwenye dunia hii kubwa usingeona, bahari na anga ni kubwa mno, makosa madogo yanamezwa. Ndani ya chupa hakuna pa kumezwa. Mtu akikwambia hilo kwa maneno unaitikia tu, ukiwa umesimama pale ukigusa ukuta wenyewe linakuingia.

Kuhusu watu wenyewe, ndio waligombana. Wanane wakagawanyika wanne kwa wanne, na hawa walikuwa marafiki kabla ya kuingia. Ugomvi ulihusu uongozi wa nje na mwelekeo wa utafiti, ila njaa na hewa nyepesi hazikusaidia. Pamoja na hayo hakuna aliyeacha zamu yake, mbuzi walikamuliwa, mitambo ilikaguliwa, na wote wanane walitoka kwa mguu wao 26 Septemba 1993. Poynter na Taber MacCallum walikuja kuoana na walianzisha kampuni ya mifumo ya kuishi angani. Mi hapo ndo nawaheshimu zaidi, maana kumpenda mwenzako sio sharti la kazi kuendelea, na wanaochagua watu wa kwenda Mars nadhani wanalijua hilo.

Uongozi wa miaka ile ulikosea kwenye uwazi na hilo lazima lisemwe. Poynter alikatwa ncha ya kidole na mashine ya kupura mpunga wiki chache za mwanzo, akatoka kwa upasuaji, akarudi na begi lenye vitu, na waandishi wakalipuka. Kulikuwa na mtambo wa kupunguza hewa ukaa ambao umma haukuambiwa mapema. Wangesema tu ukweli kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu jaribio lenyewe lilikuwa na thamani ya kutosha bila kupakwa rangi. Kikosi cha pili cha watu saba kiliingia Machi 1994, na hawa walikuwa na hali bora, zege ilikuwa imezibwa juu na chakula kiliwatosha bila nyongeza, ila nje wakubwa wakagombana, Steve Bannon (huyo huyo aliyekuja kuwa mshauri wa Trump) akaletwa kusimamia, siku chache baadae wawili wa kikosi cha kwanza wakafungua milango kwa nguvu, na Septemba mwaka huo ikafungwa moja kwa moja. Inauma, kwa sababu kikosi kile ndo kilikuwa kinaanza kuvuna matunda ya makosa ya wenzao.

Kuna wanaouliza kwani si NASA na Warusi wameshafanya haya? Wamefanya, na ni kazi kubwa. Moscow kuanzia 3 Juni 2010 mpaka 4 Novemba 2011 wanaume sita walikaa siku 520 ndani ya vyumba visivyo na madirisha, MARS-500, na ikaonekana kadri siku zinavyoenda watu wanazidi kukaa kaa tu na usingizi wa baadhi yao ukapotea mwelekeo. Hawaii kwenye mlima Mauna Loa kuna HI-SEAS, sita walikaa mwaka mzima 2015 hadi 2016. Houston kuna CHAPEA, wanne waliingia 25 Juni 2023 wakatoka 6 Julai 2024, nyumba ya mita za mraba 158 iliyojengwa kwa printa ya 3D, ujumbe wa kwenda nje unachukua dakika 22 kufika na jibu nalo dakika 22. Kote huko wanapima akili, uvumilivu, mwili, mawasiliano. Ila hewa wanayovuta inatoka nje, dunia hii hii inawapumulia. Hapa Oracle dunia ilizimwa, na ndo maana jibu lilikuwa tofauti.

Na habari njema, jaribio halijafa. Pale pale kiwanjani kuna SAM, makazi madogo ya mazoezi ya mwezi na Mars yaliyojengwa kuzunguka chumba cha majaribio cha 1987, kile ambacho John Allen mwenyewe alijifungia siku tatu mwaka 1988 kabla ya jumba kubwa kwisha. Kina pafu lake, kinafungwa kweli hewa isitoke, na vikosi vimeanza kuingia tangu 2023. Kukaa siku chache na mimea ukiangalia hewa ukaa inapanda na kushuka kwenye skrini, huku unajua ni pumzi yako hiyo, naona ndo mafunzo sahihi.

Wanaosema Biosphere 2 ilifeli mi sikubaliani nao kabisa. Ingefeli kama ingetudanganya. Imetuambia ukubwa wa shamba la mtu mmoja, imetuambia udongo uwe wa aina gani, imetuambia zege bichi haifai, na imetuambia haya yote watu wakiwa umbali wa mlango mmoja kutoka hospitali. Kule Mars taarifa ya oksijeni inashuka ingefika wakati hakuna wa kufungua mlango.

Mambo ya safari sasa. Tiketi angalieni kwenye tovuti yao, bei inabadilika, na wanafungua kila siku isipokuwa Thanksgiving na Krismasi. Kutoka Tucson unashika barabara ya 77 kupita Oro Valley na Catalina, kutoka Phoenix weka kama masaa mawili. Nendeni Novemba mpaka Machi, kiangazi jua linachoma na ndani ya vioo unyevu ni wa msitu. Viatu vya kutembelea, maji ya kutosha. Ngazi ni nyingi, kwahiyo mwenye matatizo ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu apige simu kwanza aulize njia gani inamfaa. Tengeni nusu siku, msiende saa ya mwisho, na mkifika kwenye pafu muacheni mtoto afungue mlango yeye.